Binti Nyoka: filamu ya kutisha ya Japani iliyotokana na vibonzo

Filamu ya Kijapani iitwayo ‘Hebi Musume to Hakuhatsuma’ ilitolewa mwezi Desemba mwaka 1968 na kampuni ya Daiei, chini ya mwongozaji Noriaki Yuasa. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, isiyofika saa moja na nusu. Chimbuko lake ni manga, yaani vibonzo vya Kijapani, vya mchoraji Kazuo Umezu. Kwa Kiswahili jina lake laweza kufasiriwa ‘Binti Nyoka na Zimwi la Nywele Nyeupe’.

Kisa chenyewe

Sayuri amelelewa katika kituo cha mayatima. Wazazi wake wanapatikana, naye anachukuliwa kwenda kuishi katika jumba lao kubwa. Baba ni mtaalamu wa nyoka, na punde anasafiri kikazi. Mama amevurugika kumbukumbu tangu alipopata ajali ya gari.

Ndani ya jumba hilo amefichwa msichana mwingine, Tamami. Sayuri anaambiwa kuwa huyo ni dada yake, na kwamba baba hapaswi kujua kuwa yumo. Tamami hampendi mgeni huyu, na mienendo yake ni kama ya nyoka. Sayuri anahamishiwa darini, na huko usiku zimwi lenye nywele nyeupe linamtokea. Anapoeleza aliyoyaona, si rahisi kuaminiwa: wakubwa hudhani mtoto ameota.

Waliohusika

Kazuo Umezu alizaliwa mwaka 1936 na kufariki dunia Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 88. Hadithi zake za nyoka zilichapishwa katikati ya miaka ya 1960 katika jarida la wasichana, na filamu hii iliunganisha zaidi ya moja kati ya hadithi zake. Yuasa, kwa upande wake, alifahamika kwa filamu za Gamera, kobe mkubwa aliyeanza kuonekana mwaka 1965. Kampuni ya Daiei ilifilisika mwaka 1971.

Neno moja, maana mbili

Kwa mfasiri, uzito wa filamu hii umo katika neno ‘musume’. Kijapani hulitumia kwa msichana yeyote, na pia kwa mtoto wa kike wa mtu fulani. Kiswahili kina neno lenye upana uleule: binti. Swali la filamu nzima ni nani hasa binti wa nyumba hii: yule aliyeletwa kutoka kituoni, au yule aliyefichwa? Anayetafsiri kwa neno ‘msichana’ pekee hulipoteza swali hilo tangu kwenye jina.

Swali hilo halitakuwa geni katika kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambayo tangu mwaka 1958 imepokea watu kutoka Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia. Mtoto aliyepokewa katika nyumba ya watu hujiuliza mapema kama amekuwa wa humo au bado ni mgeni.

Sauti ya msimulizi

Japani ya enzi za filamu bubu ilikuwa na ‘benshi’, msimulizi aliyesimama kando ya pazia na kuwaeleza watazamaji kisa. Uganda inaifahamu kazi ya namna hiyo kupitia ma-VJ, wanaozifasiri filamu za kigeni papo kwa papo, aghalabu kwa Kiganda. Jijini Dar es Salaam, marehemu Lufufu alijijengea jina kwa kufanya hivyo kwa Kiswahili.

Mkongomani wa Nakivale au Mbarara asiyejua Kiganda wala kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha hubaki na picha tupu. Katika filamu hii hasara yake ni kubwa, kwa kuwa mambo mengi hufichuliwa kwa maneno, si kwa damu.

Tahadhari kwa wazazi

Ingawa wahusika wakuu ni watoto, filamu hii haiwafai walio wadogo sana. Mtoto anateswa ndani ya nyumba ambamo alitarajia kulindwa. Ni vyema mkubwa aitazame pamoja na watoto, na kabla ya kulala awaulize ni nini kilichowaogopesha, kisha awasikilize hadi mwisho.