Kibao cha Matundu Hamsini

Fikiri, ewe msomaji, kipande cha ubao mgumu kilichorandwa vizuri, urefu wake kama shibiri moja, nacho kimetobolewa matundu hamsini, yaani safu tano za matundu kumi kumi. Mtu wa pwani akikiona kwa mara ya kwanza atadhani ni bao la kuchezea, kisha atashangaa kwamba mashimo yake ni mengi mno na membamba, hata mkono haupati nafasi ya kuteka kete. Kwa hakika kibao hiki si cha mchezo. Kwa miaka mingi watu wa Marekani wapendao kulenga shabaha, ambao hujijazia risasi wenyewe nyumbani, wamekitumia kusimamishia maganda ya shaba wakati wa kuyatia baruti. Siku hizi vingi katika vile vya zamani havitengenezwi tena viwandani. Nataka nikueleze kilikuwa kinalinda nini.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki, iliyo kitakoni mwa ganda, baruti, iliyo ndani, na kichwa cha risasi, ambacho huziba mdomo. Bunduki ikiisha kulia, fataki imekwisha, baruti imeungua, na kichwa kimekwenda zake. Ganda peke yake husalia, nalo ndilo lenye gharama kuliko wenzake. Katika kamusi za Kiswahili za karne ya 19 risasi ya namna hii huitwa kiasi cha bunduki. Nalipenda sana jina hilo la wazee, kwa kuwa linataja jambo lenyewe: baruti iliyopimwa, isizidi wala isipungue.

Maganda ya shaba yenye fataki katikati ya kitako yalisitawi tangu mwaka 1866. Katika mwaka huo huo watu wawili walitengeneza fataki za namna mbili: Hiram Berdan wa Marekani, na Edward Boxer wa jeshi la Uingereza. Tazama mzaha wa historia! Fataki ya Mwingereza ndiyo iliyopendwa Marekani, na ile ya Mmarekani ikapendwa Ulaya. Tofauti yake ni ndogo kwa macho, lakini ina maana. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, hivyo fataki iliyokwisha husukumwa nje kwa ncha ya chuma mara moja. Ganda la Berdan aghalabu lina vitundu viwili pembeni, na kulitoa fataki ni taabu. Hapana shaka hiyo ni sababu moja iliyofanya desturi ya kujijazia risasi iote mizizi Marekani kuliko mahali pengine.

Katika miaka ya 1870 wawindaji walitapakaa katika nyanda za Marekani wakiwaua baisani, wale nyati wenye manyoya mazito mabegani, kwa ajili ya ngozi zao. Wengi walichukua bunduki za Sharps. Maduka yalikuwa mbali nao, na risasi za kiwandani zilikuwa ghali. Kwa hiyo walinunua baruti na risasi mbichi kwa wingi, na usiku kambini wakayeyusha risasi motoni, wakaimimina katika kalibu, wakayajaza tena maganda waliyoyaokota mchana. Kabla ya mwaka 1885 makundi makubwa ya baisani yalikuwa yamekwisha. Ufundi ule mwema ulitumika katika uharibifu mkubwa, na si haki mtu kuusimulia akayafumbia macho mauaji yale.

Wawindaji hao walitumia baruti nyeusi, ambayo Wachina waliigundua katika karne ya 9, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Baruti hiyo ina moshi mwingi na huchafua mtutu, lakini ina fadhila moja kubwa: hulijaza ganda karibu na mdomo. Mtu akisahau akalitia ganda moja mara mbili, baruti humwagika mezani mbele ya macho yake. Kosa hujitangaza lenyewe.

Basi, mwaka 1884 mkemia Mfaransa, Paul Vieille, akatengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Mataifa mengine yakafuata upesi. Baruti hii mpya ilikuwa na nguvu mara kadha kuliko ile ya kale, na kwa hivyo kiasi kidogo tu kilitosha. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Chukua mfano wa risasi ya bastola iitwayo .38 Special, iliyotokea mwaka 1898. Ganda lake ni refu, lenye nafasi iliyofaa baruti nyeusi. Ukitia ndani yake kipimo chepesi cha baruti isiyo na moshi, chini kabisa huonekana unga kidogo tu, na juu yake kuna nafasi ya kipimo cha pili, pengine hata cha tatu, wala hapana kitu kitakachomwagika.

Mtu aliyetia mara mbili hatajua mpaka avute kitufe, na wakati huo bastola yaweza kupasuka mkononi mwake. Aliyesahau kutia kabisa naye hana salama. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi kikaingia mtutuni na kukwama humo; mpigaji asipotambua, akafyatua tena, mtutu hupasuka. Vidole na macho yamepotea kwa sababu mtu aliitwa na mkewe katikati ya kazi, akarudi mezani asikumbuke alikuwa ameishia ganda la ngapi.

Hapo ndipo ubao ule unapoonyesha faida yake. Maganda yote hamsini husimama wima, midomo juu, na kabla ya kuyaziba mjazaji huchukua taa akainama, akachungulia safu moja baada ya nyingine. Baruti ndani ya maganda yapasa kuwa na kimo kimoja. Ganda lililozidi au lililo tupu hujidhihirisha kati ya wenzake, kama vile mwanafunzi asiyevaa sare anavyojulikana katika mstari. Wenye hadhari zaidi hutumia vibao viwili: maganda matupu hukaa katika cha kwanza yakiwa yamefudikizwa, na kila ganda linalotiwa baruti huhamishiwa cha pili papo hapo. Mtu akiitwa kwa ghafula, vibao vyenyewe vitamkumbushia.

Vyombo vya kazi hii vilikuwa vimeanza kuuzwa zamani. Mwaka 1884, mwaka ule ule wa baruti ya Vieille, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, akiuza chombo kama koleo ambacho mtu aliweza kukichukua mfukoni. Kampuni ya Lyman iliinunua Ideal mwaka 1925. Wakati wa Vita Kuu ya Pili raia walikosa risasi, na mwaka 1943 Fred Huntington wa Oroville, California, akaanzisha kampuni ya RCBS. Jina hilo ni herufi za kwanza za chombo chake cha kufinyangia vichwa vya risasi, kilichokusudiwa kwa uwindaji wa mnyama wa mawemawe ambaye kwa umbo angekukumbusha pimbi wetu. Vita vilipokwisha, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya jeshi iliyosalia, akawauzia watu kwa bei nafuu, na wajazaji wakaongezeka sana.

Kuongezeka huko hakukuviokoa vibao vya mti. Kila aina ya risasi ina unene wake: kitako cha .30-06 ni milimita 12 hivi, cha .223 hakifiki 10, na cha .45-70 ya zamani hupita 15. Kiwanda kikitaka kuwaridhisha wote hapana budi kitoboe vibao vya namna nyingi, ambapo plastiki humiminwa katika kalibu moja na kutoa vibao maelfu kwa gharama ndogo. Tena zilienea mashine za mzunguko, hasa tangu miaka ya 1980, ambazo hulipitisha ganda kutoka hatua hadi hatua pasipo kulisimamisha ubaoni. Mashine hizo nazo zaweza kukosea, na kwa hiyo baadhi yake hufungwa kifaa kinachopima kimo cha baruti, kikapiga kengele au kuikwamisha mashine kikiona kosa.

Wako wanaokataa kuiachia kengele kazi ya jicho. Hao huvitafuta vibao vya zamani minadani, na wasipovipata huchonga vyao. Huchagua mti mgumu, huupima kwa rula na penseli, hutoboa pole pole bila kufika upande wa pili, ili ganda lisimame juu ya mti wenyewe, na kila tundu hulifanya pana kidogo kuliko kitako cha ganda, lisije likakwama na kumwaga baruti wakati wa kulichomoa.