Moto juu ya maji: historia ya kuloba usiku kwenye Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Mtu akisimama kwenye milima iliyo nyuma ya Uvira, usiku usiokuwa na mwezi, anaona mistari miwili ya taa. Ya kwanza ni taa za mji, pale chini. Ya pili iko mbali, katikati ya giza, inacheza kidogo kidogo. Mgeni anaweza kufikiri kwamba ni mji mwingine wa ngambo. Lakini si mji. Ni walobaji wako kazini.

Katika kurasa hizi tunataka kueleza namna gani wazazi wetu walijifunza kumwita samaki kwa mwanga, na namna gani kazi hiyo imegeuka toka moto wa kuni mpaka taa za betri. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi wa leo, hata wale waliozaliwa kando ya maji, wakisikia neno lusenga wanauliza ni kitu gani. Pili, mwanga huu uliotulisha miaka mingi umefika mahali pa kutuuliza swali, na swali lile hatuwezi kulijibu vizuri kama hatujui tulikotoka.

1. Samaki anayefuata mwanga

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na mahali penye kina kirefu zaidi panafika metre 1,470. Inchi nne zinaligawana: Kongo yetu, Tanzania, Burundi na Zambia. Sehemu ya Kongo ni kubwa kupita zote, karibu asilimia 45. Samaki wengi wa mawe wanakaa karibu na ukingo, lakini chakula cha watu wengi kinatoka katikati, kwenye maji mengi. Huko njo kunakaa ndakala.

Jina linabadilika kufuatana na mahali. Uvira tunasema ndakala, Warundi wanasema ndagala, watu wa Kigoma wanasema dagaa, na Kalemie wengi wanatumia neno la Kifaransa, fretin. Wenye elimu ya samaki wanatofautisha aina mbili: Stolothrissa tanganicae, ndakala mwenyewe, na Limnothrissa miodon, mwenye mwili mnene zaidi, ambaye wavuvi wengi wanamwita lumbu. Nyuma ya hao wawili anakuja mukeke, ambaye Kigoma wanamwita mgebuka. Yeye anafuata ndakala sababu ndakala ni chakula chake.

Mchana ndakala wanashuka chini, mahali pa giza, kwa kuwaogopa wenye kuwala. Usiku wanapanda juu, wakifuata wadudu wadogo sana wa maji ambao nao wanapanda. Ukiweka mwanga juu ya maji wakati ule, wadudu wanakusanyika, ndakala wanakusanyika, na mukeke naye anazunguka pembeni. Basi mwanga ni chambo. Ni chambo kisichowekwa kwenye ndoano, kisichooza, na kinachoita maelfu kwa mara moja. Wazazi wetu walijua jambo hilo mbele ya kitabu chochote kuandikwa.

2. Wakati wa kuni na lusenga

Wazungu wa kwanza walioandika juu ya ziwa hili, Burton na Speke, walifika Ujiji katika Februari 1858, na mwezi wa Aprili mwaka ule ule walifika mpaka Uvira. Walikuta watu wenye mitumbwi, wenye soko la samaki, wenye njia zao za biashara toka ukingo mmoja mpaka mwingine. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa miti ya misitu ya Ugoma, upande wetu wa magharibi, na iliuzwa mpaka Ujiji. Kwa hiyo hata yule aliyeloba ngambo, mara nyingi alikuwa amekaa ndani ya mti wa kwetu.

Kazi ya usiku ilikuwa namna hii. Kwenye kichwa cha mtumbwi watu waliwasha moto wa kuni kavu ao wa matete. Mmoja alipiga kasia polepole, bila kelele. Mwingine alisimama na lusenga: wavu wenye umbo la mfuko, uliofungwa kwenye duara la mti na kushikwa kwa mpini mrefu. Ndakala walipojaa karibu na moto, maji yalionekana kama yanachemka. Hapo mwenye lusenga alichota, akamwaga ndani ya mtumbwi, akachota tena.

Kazi ile ilionekana nyepesi, lakini ilitaka akili. Moto ukiwa mkubwa mno unaunguza mtumbwi. Ukiwa mdogo, samaki hawaji. Upepo ukigeuka, moshi unakuja machoni. Kuni zilipaswa kutafutwa mchana na kukaushwa vizuri, kwa hiyo usiku wa mlobaji ulianza mlimani kabla ya kufika majini. Na lusenga ilikuwa na mpaka wake: mikono ya mtu mmoja. Mtumbwi ukijaa, ao mikono ikichoka, kazi imekwisha. Tukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

3. Taa ya presha, katamarani na meli za Wagiriki

Wakati wa koloni, ziwa lilianza kuchunguzwa kwa vyombo vya kisayansi. Katika miaka ya 1946 na 1947 Wabelgiji walituma kundi la wachunguzi kuzunguka ziwa lote. Mmoja wao alikuwa Max Poll, aliyeandika baadaye vitabu vikubwa juu ya samaki wa Tanganyika. Mwaka wa 1947 ilianzishwa pia IRSAC, yenye makao yake Lwiro, na Uvira ilipata kituo cha kuchunguza maji. Kituo kile kiliendelea kuishi chini ya majina mengine, na leo wana wa inchi wenyewe njo wanaofanya kazi hapo.

Lakini mageuzi makubwa kwa mlobaji yalikuja katika miaka ya 1950, na yalikuja matatu karibu pamoja. La kwanza ni taa ya presha, ile inayopigwa pompi na kuwaka kwa petroli. Taa moja ilitoa mwanga mweupe kupita mzigo mzima wa kuni, na haikuogopa sana upepo. Mtu hakupanda tena mlimani kukata matete. Alikwenda dukani kununua petroli. Maana yake ni kwamba kuloba kulianza kuomba pesa kabla ya kuleta pesa. Asiyekuwa na taa alianza kufanya kazi kwa mwenye taa.

La pili ni meli za Wagiriki. Wafanyabiashara Wagiriki waliokaa kaskazini mwa ziwa, zaidi sana Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, walileta wavu mkubwa wa kuzungusha. Meli ya chuma ilikwenda na mitumbwi midogo yenye taa. Kila mtumbwi uliita samaki wake, kisha wavu ulizungushwa kama ukuta na kufungwa chini kama mfuko. Kazi hiyo ilihitaji kundi kubwa la watu, na kwa usiku mmoja ilitoa samaki ambao lusenga nyingi zisingeweza kuchota.

La tatu ni katamarani, iliyoanza kutumiwa upande wa Burundi mwaka wa 1957. Mitumbwi miwili inaunganishwa kwa miti, taa zinawekwa juu ya maji, na wavu wa mraba unashushwa chini kabisa. Samaki wakikusanyika juu yake, watu wanauvuta kwa kamba toka pande zote kwa pamoja. Ni lusenga ile ile, tunaweza kusema, lakini sasa imekuwa na mikono mingi. Katamarani ilikuwa rahisi kupita meli, na vikundi vya watu wa kawaida viliweza kuichukua. Kwa hiyo meli za chuma zilipofifia kaskazini miaka mingi baadaye, katamarani zilibaki.

4. Samaki aliyehamishwa Kivu

Jambo moja ndugu zetu wa Bukavu na Goma wengi hawalijui: sambaza wanayokaanga ni mwana wa Tanganyika. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa kukaa kwenye maji ya katikati. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960, Mbelgiji aitwaye Collart alisafirisha vifaranga vya ndakala toka Tanganyika na kuvimwaga Kivu. Stolothrissa hawakushika, Limnothrissa, yaani lumbu, walishika na kuzaana. Huko Kivu watu waliunganisha mitumbwi mitatu badala ya miwili, wakatundika taa, na wimbo wa kupiga kasia usiku ukaanza kwenye maji ambayo zamani yalikuwa kimya. Samaki huyo huyo alipelekwa pia Kariba, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, mwaka wa 1967 na 1968. Alikopelekwa, taa nayo ilimfuata.

5. Mwezi na mama wa ufuo

Mwezi mpevu ukitoka, taa inashindwa. Mwanga unaenea juu ya maji yote, ndakala wanatawanyika, na mlobaji anavuta wavu mtupu. Kwa hiyo toka zamani kila mwezi una siku za kazi na siku za kulala. Katika siku za kulala watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanaoa, wanalipa madeni, wanagombana na kupatana. Kalenda ya kijiji cha ziwa iliandikwa mbinguni.

Na asubuhi kazi inageuka kuwa ya wanawake. Mitumbwi ikifika, wamama wako tayari na mabeseni. "Mumelala namna gani? Munatuletea nini?" Bei inakatwa pale pale mchangani. Ndakala anatandazwa juani, zamani juu ya mchanga, baadaye juu ya meza za wavu zilizoinuliwa ili asichanganyike na uchafu. Jua likiwaka, anakauka upesi. Mvua ikinyesha siku mbili, mama anapoteza mtaji wake wote, na hakuna wa kumlipa. Ndakala mkavu njo anayepanda milima kwenda kwa watu wasioona ziwa hata siku moja. Tukisema "uvuvi" tukawahesabu wanaume tu, tunahesabu nusu.

Wakati wa vita, toka 1996 na tena toka 1998, kazi hiyo ilipata adui mwingine. Taa inayomwita samaki inaonekana pia na mwenye bunduki. Kuwasha ilikuwa hatari, na kutowasha ilikuwa njaa. Familia nyingi za Uvira, Fizi na Kalemie zilichagua kati ya hayo mawili kila jioni.

6. Taa nyingi, samaki wachache

Hesabu iliyofanywa na inchi nne mwaka wa 1995 ilipata walobaji karibu 45,000 kwenye ziwa lote. Ile ya mwaka wa 2011 ilipata karibu 95,000. Hesabu imezidi mara mbili kwa miaka 16, lakini ziwa halikuongezeka. Taa nayo imegeuka: petroli imeacha nafasi kwa taa za betri na za jua, zenye bei nafuu na mwanga mkali. Wengine wanaziwasha karibu na ukingo na kukokota nyavu zenye matundu madogo sana mpaka ufuoni, mahali ambapo watoto wa lumbu wanakulia.

Tusiseme kwamba kosa lote ni la mlobaji. Mwaka wa 2003 wachunguzi walionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto zaidi, na maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Chakula cha ndakala kinapungua hata pasipo wavu.

Mwaka ule ule wa 2003 inchi nne zilitia sahihi mapatano ya kulinda ziwa. Baadaye zilikubaliana kulifunga miezi mitatu kila mwaka, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, na mwaka wa 2024 Tanzania ilifunga upande wake. Wengi ufuoni wanauliza: miezi mitatu watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki, na mkubwa asiyelijibu asishangae akiona taa zinawaka usiku.

Kwa kumaliza

Wengine wanasema kufunga ziwa ni mambo ya wageni. Historia tuliyoeleza haikubali hivyo. Ziwa letu lilikuwa na pumziko siku zote. Mwezi ulilifunga kila mwezi, na lusenga ilifungwa na uchovu wa mikono. Tuseme ukweli: wazazi wetu hawakupumzika kwa kuwahurumia samaki, walipumzika sababu hawakuwa na uwezo wa kuendelea. Sisi uwezo tunao. Mikono yetu haichoki haraka, na taa yetu inakaribia kushindana na mwezi. Kile ambacho wao walilazimishwa na giza na mwanga wa mbinguni, sisi tunapaswa kukichagua kwa akili, tukikaa pamoja: walobaji, wamama wa ufuo, wachunguzi na viongozi.

Kama hatukuchagua, siku moja mtoto atasimama kwenye milima ya Uvira, usiku usiokuwa na mwezi, na ataona mstari mmoja tu wa taa.