Chumbe: mwamba uliosalimika

Kisiwa cha Chumbe, kilomita 12 hivi kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni jiwe la matumbawe ya kale lenye urefu wa kama kilomita moja. Hakina kisima cha maji baridi, wala hakijawahi kuwa na kijiji. Mwaka 1904 Waingereza walisimamisha hapo mnara wa taa, na karibu yake upo msikiti mdogo. Kwa miaka mingi mkazi wake alikuwa mlinzi wa taa.

Upweke huo ndio uliouponya mwamba wa magharibi. Njia ya meli ilipita karibu, jeshi nalo likafanya mazoezi eneo hilo, hivyo wavuvi wakakatazwa kukaribia. Kwingineko pwani, baruti na makokoro yalikuwa yakiponda matumbawe na kuacha kifusi.

Mapema miaka ya 1990 Mjerumani Sibylle Riedmiller alipigania mwamba ule ulindwe, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza kuwa hifadhi. Hatua niipendayo kuliko zote ni ya kuajiri wavuvi wawe walinzi. Hawana bunduki. Ngalawa ikisogea, mlinzi huifuata, humwamkia nahodha na kumweleza kuwa chewa na changu wanaozaliana hapa ndio watakaotoka nje kuingia kwenye dema lake. Maneno hayo yana uzito yakitoka kwa mtu aliyewahi kuvuta mshipi.

Kuzamia kwa mitungi ya hewa, ufundi ulioenea duniani baada ya kifaa cha Jacques Cousteau na Émile Gagnan cha mwaka 1943, hakuruhusiwi kwa watalii wa Chumbe. Wala hakuhitajiki, kwa kuwa maji ni mafupi. Mgeni huvaa miwani na mapezi, huuma bomba la kupumulia, kisha huelea kifudifudi nyuma ya mlinzi. Kusimama juu ya matumbawe ni marufuku: pezi likigonga mara moja tu, tawi lililokua kwa miaka huvunjika.

Joto halizuiliki kwa doria. Mwaka 1998, na tena 2016, Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka.

Wanafunzi wa Unguja nao hupelekwa Chumbe, wakiwemo wasichana ambao hawajawahi kuogelea. Wanavalishwa maboya, wanashikwa mkono, wanatumbukiza uso majini. Wengi wamekulia hatua chache kutoka baharini, na hapo ndipo wanapomwona pono akila mwambani kwa mara ya kwanza, akiwa hai.