Kumbukumbu ya Marehemu Orton Chirwa: Mume, Baba na Mkimbizi



Kila toleo la kumbukumbu hujaa majina ya wapendwa wetu: mume aliyebaki njiani, baba aliyezikwa na majirani sisi tukiwa tumekwisha vuka mpaka, baba mdogo au mjomba aliyewalea watoto wa ndugu zake na ambaye habari zake zilikatika. Safari hii kamati imetuomba sisi walimu tuandike ukurasa wa historia. Tumeona tuandike juu ya mtu mmoja asiyekuwa wa Kongo, wala wa Burundi, wala wa Rwanda. Ni Mmalawi, mwenyeji wetu. Tumemchagua kwa sababu naye alipata kuwa mkimbizi, na kwa sababu mjane wake alinyimwa kile ambacho wengi wetu tumenyimwa, yaani kumzika mumewe.

MAHALI TUNAPOKAA

Wengi wetu twajua kwamba kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza. Wenyeji wa Dowa hutueleza kuwa jina lenyewe kwa Kichewa ni la mtu anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena. Katika utawala wa chama kimoja wa Dr. Hastings Kamuzu Banda, miongoni mwa waliofungwa hapa walikuwamo watu wa siasa waliowekwa ndani bila kufikishwa mbele ya hakimu. Mwaka 1994 utawala huo uliondolewa kwa kura, na mwaka huo huo mahali hapa pakafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi. Basi ardhi hii tuliyojengea nyumba zetu za udongo, kabla yetu ilikaliwa na watu waliokuwa wakisubiriwa makwao.

Orton Chirwa hakufungwa Dzaleka. Alifungwa Zomba, kusini ya nchi. Lakini amri iliyojaza gereza lile ndiyo iliyojaza na hili.

MWALIMU ALIYEKUWA MWANASHERIA

Alizaliwa mwaka 1919, wakati nchi hii ikiitwa Nyasaland chini ya Waingereza. Alisoma Fort Hare, Afrika Kusini, chuo kilichowafundisha vijana wengi wa Kiafrika waliokuja kuwa viongozi. Aliporudi alifundisha katika chuo cha ualimu cha Domasi, karibu na Zomba. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twafurahi kulitaja hilo, maana kabla ya kuitwa waziri aliitwa mwalimu. Baadaye alikwenda Uingereza kusoma sheria, akawa Mwafrika wa kwanza wa Nyasaland kufikia daraja la uwakili wa mahakama kuu.

Mwezi Machi 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikakamata wanasiasa kwa mamia. Chirwa alikuwa mmoja wao. Alipoachiliwa mwezi Agosti mwaka huo, Dr. Banda alikuwa bado kifungoni. Mwezi Septemba Chirwa na wenzake waliunda Malawi Congress Party, na yeye akawa rais wake wa kwanza. Banda alipotoka mwaka 1960, Chirwa alimpisha kiti. Hakulazimishwa. Yeye na wenzake waliamini kwamba chama ni cha mzee, wao wanakishika tu.

Nyumbani alikuwa mume wa Vera, waliyeoana mwaka 1951. Vera naye alishiriki harakati za uhuru, akasoma sheria, akawa mwanamke wa kwanza wa Malawi kuwa mwanasheria. Ndoa yao ilikuwa ya watu wawili wanaofanya kazi moja na wanaosomana mawazo. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo lililokuja kupigwa baadaye.

MKIMBIZI

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964. Miezi miwili haikupita, mawaziri walitofautiana na Banda juu ya namna alivyokuwa akitawala peke yake na juu ya siasa yake kwa nchi za nje. Mwezi Septemba 1964 Banda aliwafukuza baadhi yao, Chirwa akiwa mmojawapo, na wengine wakajiuzulu kuwaunga mkono. Baada ya hapo nchi haikukalika tena. Waziri wa sheria akawa mkimbizi.

Twaomba msomaji asipite haraka hapa. Wakimbizi wa Malawi walikuwa Tanzania na Zambia kwa miaka 30, kama sisi tulivyo hapa. Rose Chibambo, ambaye sura yake iko katika noti ya kwacha 200 tunayonunulia nyanya sokoni, aliishi uhamishoni Zambia mpaka 1994. Kanyama Chiume, aliyekuwa waziri pamoja na Chirwa, alikaa Dar es Salaam akaandika vitabu kwa Kiswahili hiki hiki. Familia ya Chirwa nayo ilipata hifadhi Tanzania, na huko Orton akafanya kazi ya sheria na kuongoza chama cha upinzani cha uhamishoni, Malawi Freedom Movement. Kwa hiyo anayedhani kwamba mkimbizi ni kabila fulani la watu, na asome historia ya nchi anayoishi. Wamalawi wenyewe wayajua haya, ndiyo maana katika vita vya Msumbiji walipokea watu wapatao milioni moja, wakati wao wenyewe hawakufika hata milioni kumi na moja.

KESI YA WANASHERIA WASIO NA WAKILI

Tarehe 24 Desemba 1981, mkesha wa Krismasi, Orton, Vera na kijana wao Fumbani walikamatwa. Serikali ilisema waliingia Malawi wenyewe, wakakamatwa Mchinji. Wao walieleza kwamba walitekwa upande wa Zambia na kuvushwa mpaka kwa nguvu. Mchinji ni ile barabara ya kutoka Lilongwe kwenda Chipata, ambayo wengine wetu tuliipita tukija huku.

Walishtakiwa uhaini. Hawakupelekwa katika mahakama kuu ya kawaida bali katika mahakama za jadi, ambazo sheria ya mwaka 1969 ilikuwa imezipa nguvu ya kusikiliza kesi za kifo. Waamuzi wake wengi walikuwa machifu, na mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Hebu fikirini: wakili wa kwanza Mwafrika wa nchi hii na mkewe mwanasheria walisimama kizimbani bila wakili. Walijitetea wenyewe. Mwezi Mei 1983 wote wawili walihukumiwa kunyongwa. Rufaa yao ilikataliwa mwaka 1984. Dunia ilipiga kelele, na katikati ya mwaka huo Banda akaibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Fumbani aliachiliwa mwaka 1984 bila kushtakiwa kosa lolote.

MIAKA MINANE

Mume na mke walifungwa katika gereza moja la Zomba, yeye upande wa wanaume, mkewe upande wa wanawake. Kwa miaka minane hawakuruhusiwa kuonana. Sisi wenye ndugu walio nchi nyingine twajua uchungu wa umbali. Wao walitenganishwa na ukuta tu.

Mwaka 1992 mambo yalianza kugeuka. Mwezi Machi maaskofu Wakatoliki walisoma barua ya kichungaji iliyotaja wazi dhuluma za utawala. Mwezi Septemba ujumbe wa wanasheria kutoka Uingereza uliruhusiwa kuingia gerezani Zomba, na kwa sababu ya ziara hiyo Orton na Vera wakaonana. Alikuwa mzee wa miaka 73, macho na masikio yamedhoofika. Hawakuonana tena.

Tarehe 18 Oktoba 1992 Banda alitangaza kwamba wananchi watapiga kura kuamua kama wanataka vyama vingi. Siku mbili baadaye, tarehe 20 Oktoba, Orton Chirwa alifia gerezani. Vera alikuwa ndani ya kuta zile zile, na hakuruhusiwa kwenda kumzika mumewe.

MJANE

Katika mila za kwetu sote, za ziwa Tanganyika, za Kivu, za milima ya Burundi na Rwanda, mfiwa haachwi peke yake. Kuna kulala msibani, kuna kilio, kuna siku ya kuanua matanga. Wazee waliyapanga hayo wakijua kuwa mtu asiyezika hubaki akingoja. Vera Chirwa alikaa katika chumba cha gereza na msiba usio na matanga mpaka tarehe 24 Januari 1993, alipoachiliwa baada ya miaka kumi na moja.

Alitoka, na kazi aliyoifanya ndiyo iliyotufanya tuandike ukurasa huu. Kwanza, alisema. Alieleza mbele ya watu yaliyompata yeye na mumewe, na mwaka 2007 kitabu cha maisha yake kikachapishwa. Pili, alianzisha shirika la kuwafundisha wananchi wa kawaida haki zao na kuwapa msaada wa sheria. Tatu, alichaguliwa katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kuanzia mwaka 2000 akapewa kazi ya kukagua magereza ya Afrika. Mwanamke aliyenyimwa kumwona mumewe gerezani akawa na haki ya kugonga mlango wa gereza na kufunguliwa.

Tume hiyo hiyo ilikuwa imepelekewa mashtaka ya Orton na Vera wangali kifungoni. Katika uamuzi wake ilisema kwamba Malawi ilivunja Mkataba wa Afrika, na kwamba serikali mpya hurithi wajibu wa serikali iliyotangulia. Maneno haya tuyashike vizuri. Maana yake ni kwamba aliyetenda akiondoka madarakani, deni haliondoki naye.

Anayekwenda Lilongwe kushughulikia karatasi zake ataona mjini kaburi la Dr. Banda, aliyefariki mwaka 1997. Ni jengo kubwa la mawe, lilifunguliwa mwaka 2006. Hatusemi asizikwe kwa heshima, maana maiti hawana ugomvi. Twasema tu kwamba wenye nguvu hujengewa na serikali. Wengine hujengewa na wajane wao, na watoto wao, na wapwa wao, kwa maneno na kwa kazi.

SISI JE?

Humu kambini wamo wajane na mayatima wengi ambao msiba wao haukuanuliwa. Kuna anayeulizwa ofisini cheti cha kifo cha mumewe, na mume alikufa msituni, ambako hakuna karani. Kuna mtoto anayejaza fomu ya shule, akifika penye jina la baba anaandika jina la baba mdogo, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Hakukosea. Lakini jina la yule wa kwanza linapotea, na pengine hata la huyu mlezi litapotea tukikaa kimya, maana wajomba na baba wadogo ndio wanaosahauliwa upesi kuliko wote.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba jambo moja. Mama akiulizwa tarehe akaanza kueleza mumewe alikuwa mtu wa namna gani, msimkatize kabla hajamaliza. Si kwamba hakuelewa swali. Huenda ni mara ya kwanza mtu kumwuliza habari za marehemu.

Na nyinyi wakazi wenzetu, tunaomba kila familia iandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani: jina kamili la marehemu, mahali na mwaka aliozaliwa, kazi yake, nani alimwona mara ya mwisho na wapi, na jambo moja alilowafundisha watoto. Msimfanye malaika. Chirwa naye alikuwa mtu: alimpisha kiti yule aliyekuja kumfunga, na kwa muda aliitumikia serikali ile. Kumkumbuka kwa ukweli hakumpunguzii kitu. Asiyejua kuandika aje shuleni mchana baada ya vipindi, tutamwandikia sisi, na tutamsomea tena mpaka aridhike kwamba ndivyo alivyosema.

Daftari litakaa kwa kamati, na nakala itabaki kwa familia. Vera Chirwa alipotoka gerezani hakuwa na kaburi alilosimama kando yake siku ya maziko. Alikuwa na majina, miaka na mahali, akavitumia. Hivyo na sisi tunavyo.

Marehemu wote walale pema.

Walimu wa kambi, kwa niaba ya kamati