Vyombo vya Nyumba za Mwambao na Kumbukumbu za Utoto

Khabari za kale za miji ya mwambao zimeandikwa zaidi juu ya masultani, nasaba na vita. Khabari za Pate hata zitajapo kitanda, hukitaja kwa ajili ya ngazi ya fedha ya kukipandia. Jikoni halikuwashughulisha wenye kuandika. Basi atakaye kujua jinsi mtoto alivyolelewa katika nyumba hizo hana budi kuviendea vyombo vyenyewe, na kuwasikiliza wazee wanapoviona tena.

Mzee awekewapo mbele yake mbuzi ya nazi iliyochakaa, mara nyingi haanzi kukieleza chombo. Huanza kumtaja mtu, bibi aliyemfundisha kukuna, au ndugu aliyegombania naye machicha. Mbuzi ni kibao cha kukunjwa chenye ulimi wa chuma uliotiwa meno. Mkunaji hukikalia, akashika kifuu kwa mikono miwili, na nazi ikaanguka katika chombo kilicho chini. Kisha hutiwa maji na kukamuliwa katika kifumbu, mfuko mrefu uliosukwa kwa miyaa, tui zito likatengwa na jepesi. Kazi hii mtoto alipewa mapema, na ndiyo sababu kumbukumbu yake imo mikononi na magotini kuliko katika maneno. Siku hizi chujio la plastiki limeshika mahali pa kifumbu katika nyumba nyingi, na mtoto asiyepata kukiminya hana cha kukumbuka akionyeshwa.

Zidaka zilikuwa na khabari nyingine. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa ndani ulijengwa vishubaka safu juu ya safu, kwa chokaa iliyochongwa nakshi, na humo vikapangwa vyombo vya thamani, hasa sahani na bakuli za China. Katika karne ya 19 zikaongezeka zile za Ulaya, zikiwamo za Maastricht katika Uholanzi. Mtoto alivitazama tu, asiviguse. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotaka kuonyesha ukiwa wa Pate katika Al-Inkishafi, alizikumbuka zidaka hizo za sahani zilizokuwa zimegeuka malalo ya ndege. Hakuhitaji kueleza zaidi. Wasikilizaji wake walikua mbele ya kuta kama hizo.

Lakini yapasa kuuliza: ni utoto wa nani? Nyumba zenye zidaka zilikuwa nyumba za matajiri, na kazi ya kutwanga na kuteka maji humo ilifanywa na watumwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kinu kile kile, ambacho kwa mtoto wa mwenye nyumba kilikuwa sauti ya asubuhi tu, kwa mtoto wa mtwangaji kilikuwa mgongo wa mama yake ukiinama na kuinuka. Mchunguzi akisikiliza upande mmoja ataandika khabari tamu, tena ya uongo.

Jambo hili lina haraka. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kuta zake zimepata wa kuzitetea. Vyombo havina mlinzi kama huyo. Kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichosukwa kwa uzi, kikiuzwa kwa mfanya biashara ya vitu vya kale, hupata bei na kupoteza jina la aliyekikalia. Mbuzi na kifumbu havina hata bei hiyo, hivyo hutupwa. Na kinu kiingiapo katika nyumba ya makumbusho, kikaratasi chake hutaja mti kilichochongwa na mji kilikotoka. Nani alikitwangia, kwa kawaida hakuna aliyeuliza alipokuwa angali hai wa kujibu.