Nani Alishika Ghala? Kazi na Mali ya Nyumbani, Kutoka Ankole ya Zamani hadi Nakivale



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema tuandike historia ya nyumba, maana historia ya kambi inajulikana. Nakivale ilianza mwaka 1958 ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Walitangulia Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959, kisha kwa miaka mbalimbali wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Jambo lisiloandikwa ni jinsi watu hao walivyogawana kazi na mali ndani ya nyumba zao kabla ya kukimbia. Nasi tuna sababu ya kuliuliza. Mume na mke wanapogombana juu ya kadi ya mgao au juu ya gunia la mahindi lililouzwa, hakosekani mtu wa kusema: "Kwa mila yetu mali yote ni ya mwanamume." Basi na tuiangalie mila hiyo ilivyokuwa.

Tuanze na wenyeji wetu, kwa sababu ardhi tunayolima ni ya Ankole, katika wilaya ya Isingiro ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara. Ufalme wa Ankole, uliofutwa mwaka 1967, ulikuwa na wafugaji, ndio Bahima, na wakulima, ndio Bairu. Kwa Bahima ng'ombe walikuwa wa mwanamume. Yeye aliwachunga, aliwanywesha na aliwakama. Mwanamke hakuruhusiwa kukama kabisa. Mtu akiishia hapo atasema kwamba yule mzungumzaji wetu amesema kweli.

Lakini maziwa yakishatoka zizini na kuvuka mlango, mambo yaligeuka. Vyombo vya mti vya maziwa, ebyanzi, vilikuwa chini ya mkono wa mke. Yeye alivisafisha, akavifukiza kwa moshi wa majani ili maziwa yakae na yanukie vizuri, akavifunika kwa vifuniko vya ukindu alivyosuka mwenyewe, akavipanga juu ya kichanja ndani ya nyumba. Yeye aliamua yapi yanywewe jioni ile na yapi yaachwe yagande. Aliyasukasuka katika kibuyu, ekishaabo, mpaka siagi ikatoka. Siagi hiyo ilikuwa chakula, ilikuwa mafuta ya kujipaka, na ilikuwa bidhaa pia: kwa siagi na maziwa nyumba ya Muhima ilipata ulezi, vyungu na pombe kutoka kwa Bairu. Hata leo, katika arusi za Mbarara, mchuzi mweupe wa samli uitwao eshabwe huandaliwa na wanawake, na wanaoujua vizuri huheshimiwa. Kasisi John Roscoe, aliyechapisha kitabu chake juu ya Banyankole mwaka 1923, aliyaeleza mengi ya mambo haya ya maziwa.

Tusiipambe zamani. Binti wa Kihima alinoneshwa kwa maziwa kabla ya kuolewa, na hakuulizwa sana anataka kuolewa na nani. Mke hakuweza kutoa ng'ombe zizini akamuuza. Hatusemi palikuwa na usawa. Tunasema palikuwa na mpaka, na mpaka huo ulimbana mume pia: mwanamume aliyejipakulia maziwa kwenye kichanja bila kumwambia mkewe alijitafutia aibu.

Kwa Bairu mpaka ulipita mahali pengine. Mume alifyeka pori, alijenga nyumba na ghala, alitengeneza pombe ya ndizi, na wengine walikuwa wahunzi na wachongaji. Vyombo vya maziwa vya Bahima vilichongwa na mafundi wa Kiiru. Mke alipanda ulezi, akapalilia, akavuna, akasaga. Ghala lilijengwa na mwanamume, lakini aliyejua kilichobaki ndani mpaka mavuno yajayo alikuwa mwanamke. Mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili na mashamba mawili, na si rahisi kuyachanganya.

Wanyarwanda waliofika hapa baada ya 1959 hawakuhitaji mkalimani kuyaelewa haya. Chombo cha maziwa kwao ni icyansi, kibuyu cha kusukia ni igisabo. Maneno karibu yaleyale. Kwao pia mwanamke hakukama, na kichanja cha maziwa, uruhimbi, kilikuwa mahali pake. Mahari nayo haikuwa njia ya upande mmoja. Ng'ombe wa inkwano alikwenda kwa wazazi wa binti, lakini baadaye ng'ombe wa indongoranyo alirudi kwa wale waliooana. Huku Ankole bibi arusi alikuja na emihingiro, vitu alivyopewa na wazazi wake aanzie navyo nyumba. Watu wanaosema "nimemlipia" huikumbuka safari ya kwanza ya ng'ombe na kuisahau ya pili.

Ndugu zetu Wasomali wana mfano ulio wazi kuliko wote. Kwa wafugaji wa kuhamahama ngamia walikuwa kazi ya wanaume na vijana, mbuzi na kondoo waliangaliwa na wanawake na watoto. Nyumba yenyewe, aqal, ile ya fito na mikeka, ilifumwa na wanawake, ikaletwa na bibi arusi. Yeye aliisimamisha, yeye aliibomoa na kuifunga juu ya ngamia siku ya kuhama. Mume aliingia katika nyumba ya mkewe. Tunawaomba wafanyakazi wa mashirika walikumbuke hilo wanapoandika jina la mwenye nyumba.

Sasa, mipaka hiyo ilivunjwa na nini? Si kambi peke yake. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki, Ankole ikiwamo, na zizi lilipokuwa tupu kichanja nacho kilikuwa kitupu. Ukaja ukoloni na kodi. Kodi ilidaiwa kwa fedha na ilidaiwa kwa mwanamume, kwa hiyo wanaume wengi wa Ankole na wa Rwanda walitembea kwa miguu kwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu, na mke aliyebaki akafanya kazi zake pamoja na za mumewe. Mibuni ilipopandwa nyumbani ilihesabiwa kuwa ya baba, hata kama aliyepalilia ni mama.

Halafu likaja soko la maziwa, na hapa ndipo tungependa msomaji asimame kidogo. Samli ilikuwa ya mwanamke kwa sababu ilipita mikononi mwake. Bila kusukasuka hakuna samli. Maziwa mabichi hayahitaji hayo. Yanakamwa alfajiri na mwanamume, yanapakiwa kwenye baiskeli au pikipiki, yanafika kwenye matangi ya kupoozea ya Mbarara, na malipo yanaandikwa kwa jina la mwenye ng'ombe. Hayaingii nyumbani. Hakuna aliyekaa akaamua kumnyang'anya mwanamke mali yake, lakini imetoka, na baadaye watu wakasema haikuwa yake tangu zamani.

Kambini tumeyaona hayohayo kwa njia nyingine. Mfugaji aliyefika bila ng'ombe alikosa kazi aliyoijua, akashika jembe kama mkewe. Mvuvi wa Tanganyika akajikuta mbali na ziwa lake. Mwanamke aliyekuja na watoto bila mume alifyeka na kujenga, kazi ambazo kwao zilikuwa za wanaume, na mila haikumzuia. Kiwanja na kadi vilipotolewa, orodha ilitaka jina la mkuu wa familia, na mara nyingi liliandikwa la baba. Hapo ndipo mpaka wa zamani ulipofutika: zizi na kichanja vilitiwa katika karatasi moja. Mashirika yaliliona tatizo. Shirika la Chakula Duniani liliahidi mwaka 1995, wakati wa mkutano wa Beijing, kuukabidhi mgao zaidi kwa wanawake. UNHCR iliahidi mwaka 2001 kumwandikisha kila mwanamke kwa jina lake. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imetaja haki za wanawake wakimbizi.

Hata hivyo, kwa kaya nyingi mgao umekuwa fedha. Mahindi na maharagwe, hata yakipokelewa na baba, yalikuwa lazima yafike jikoni. Yalihitaji kusagwa, kuchambuliwa, kupikwa, na mama aliyaona na kuyahesabu. Fedha ni kama yale maziwa mabichi ya Mbarara. Inaweza kutoka mahali pa malipo ikaishia njiani bila kupita mlango wa nyumba. Ndiyo maana Kamati inapokaa na mume na mke juu ya mgao, hatuulizi tena jina lililo kwenye kadi tu. Tunauliza siku ya malipo nani alikuwapo, na fedha ilipofika nyumbani iliwekwa wapi, na nani alijua kiasi chake.