Dawati la kale la katibu: Kagua droo kabla ya kusadiki hadithi

MWAKA 2015, jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum lililoko mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, lilinunua dawati la mbao lililoelezwa kuwa ni kumbukumbu ya askari kijana aliyeuawa katika mapigano ya Antietam mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo.

Ilidaiwa kwamba dawati hilo lilitengenezwa mwaka 1876 na kukabidhiwa kaka wa marehemu, ambaye naye alipigana katika vita hivyo. Lilikuwa limepambwa kwa maandishi na alama za kijeshi, na simulizi yake iligusa mioyo ya wengi.

Mwaka 2018 ilibainika kuwa simulizi hiyo haikuwa ya kweli. Fundi mmoja wa jimbo la Massachusetts, ambaye pia alikuwa mfanyabiashara wa samani za kale, alikiri kwamba alichukua dawati la kawaida la karne ya 19 na kulipamba kwa mikono yake mwenyewe. Ndugu hao wawili waliishi kweli, lakini dawati halikuwa lao. Jumba hilo lilirudishiwa fedha zake.

Iwapo wataalamu wa jumba la makumbusho wanaweza kughilibiwa, mnunuzi wa kawaida anayetafuta dawati la kale kwa ajili ya nyumba yake hana budi kuwa mwangalifu zaidi.

Dawati la katibu ni nini?

Dawati la katibu ni samani inayounganisha meza ya kuandikia na kabati. Sehemu ya chini huwa na droo kubwa. Juu yake kuna ubao wenye bawaba ambao hufunguliwa kwa kulazwa mbele na kuwa meza, na nyuma ya ubao huo hupatikana vishubaka vya kuwekea barua, wino na nyaraka. Mengi ya madawati hayo huwa pia na kabati la vitabu juu yake.

Jina lake katika lugha za Ulaya lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya siri, na si ajabu kwamba mafundi wengi walificha humo droo ndogo ambazo mwenye nyumba pekee ndiye aliyejua namna ya kuzifungua. Neno dawati lenyewe lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kidau cha wino.

Samani hiyo ilistawi Ulaya katika karne ya 18. Mwaka 1754, fundi Thomas Chippendale alichapisha mjini London kitabu cha michoro ya samani, yakiwemo madawati ya aina hiyo, na michoro yake ikaigwa hadi Marekani. Nchini Ufaransa, mafundi Jean-François Oeben na Jean-Henri Riesener walimtengenezea Mfalme Louis wa 15 dawati lenye kifuniko cha mviringo. Kazi hiyo ilianza mwaka 1760 na kukamilika mwaka 1769.

Mwaka 1874, William S. Wooton wa Indianapolis, Marekani, alipata hataza ya dawati kubwa linalofunguka pande mbili kama milango, likiwa na vishubaka vingi vya nyaraka. Hata hivyo, mashine za kuchapa na makabati ya mafaili yalipoenea maofisini mwishoni mwa karne hiyo, madawati ya katibu yalianza kupoteza nafasi yake katika kazi na kubaki zaidi majumbani.

Thamani yake

Kwa desturi, samani huhesabiwa kuwa ya kale inapotimiza miaka 100, kipimo ambacho forodha ya Marekani imekitumia tangu mwaka 1966. Iliyo chini ya umri huo huitwa ya zamani tu, hata kama ni nzuri na imara.

Mwezi Juni mwaka 1989, dawati lililotengenezwa Newport, katika jimbo la Rhode Island, kwa ajili ya familia ya Brown liliuzwa katika mnada wa Christie's mjini New York kwa dola milioni 12.1 za Marekani. Bei hiyo isimdanganye mtu. Madawati ya kawaida ya mahogani yameshuka bei sana katika nchi za Magharibi tangu mwanzoni mwa karne hii, kwa kuwa nyumba nyingi hazina nafasi na watu wengi hawaandiki tena barua kwa mkono.

Namna ya kulikagua

Hatua ya kwanza ni kuchomoa droo zote na kutazama kona zake, mahali ambapo meno ya mbao hushikana. Meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa. Yakilingana kabisa, yamekatwa kwa mashine, na hiyo ni dalili ya kazi ya nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye.

Pili, tazama upande wa nyuma na chini. Alama za msumeno zenye umbo la upinde huachwa na msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19. Skrubu zenye ncha kali nazo zilianza kuzagaa katikati ya karne hiyo. Zikikutwa katika dawati linalodaiwa kuwa la miaka ya 1700, muuzaji ana la kujibu, ingawa huenda likawa limefanyiwa matengenezo.

Tatu, linganisha sehemu ya juu na ya chini. Udanganyifu uliozoeleka ni kuchukua kabati la vitabu la dawati moja na kulipachika juu ya jingine. Mbao za mgongo, rangi ya ndani na ukataji wa meno ya droo vinapaswa kufanana juu na chini.

Nne, kagua vishikio. Matundu ya ziada ndani ya droo huonyesha kwamba vishikio vya awali vilikwisha kuondolewa. Aidha, unga wa mbao uliomwagika karibuni chini ya dawati ni ishara kwamba wadudu wangali wanalitafuna.

Utunzaji

Samani nyingi za kale ziliunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hulegea penye unyevu mwingi, hivyo mwenye kuliweka dawati lake katika nyumba ya mwambao aliepushe na ukuta wenye unyevu, dirisha linalopitisha mvua na jua kali.

Ubao wa kuandikia nao una taratibu zake. Katika madawati mengi yenye ubao wa mteremko, kuna mihimili miwili pembeni ambayo lazima ivutwe kwanza ili iubebe. Anayesahau huzibebesha bawaba uzito wote, na hapo ndipo ubao hupasuka.

Kuondoa rangi ya zamani na kupaka vanishi mpya hupunguza thamani. Kitambaa laini kikavu na nta kidogo mara chache kwa mwaka hutosha.

Hadithi ya muuzaji, hata iwe tamu kiasi gani, si sehemu ya mbao. Mnunuzi aombe risiti inayotaja umri wa dawati na matengenezo yaliyofanyika, na akinyimwa ruhusa ya kuchomoa droo, aondoke na fedha zake.